Saa ya kalenda ya kudumu: usibonyeze kitu usiku (nimejifunza kwa kuumia)

Majira | 22 Novemba 2025

Wakuu, heshima mbele.

Kila mara naona mtu anaweka picha ya saa yake ya kalenda, watu wanausifia uso, wanausifia mkanda, mada inakufa. Hakuna anayesema siku saa ikisimama utafanya nini. Mimi nilijifunza kwa njia mbaya, kwa hiyo naandika kirefu ili mwingine asirudie.

Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Dhahabu, otomatiki (inajijaza mkono ukitembea), kalenda ya kudumu, yaani inajua yenyewe mwezi una siku ngapi, hata Februari ya mwaka mrefu wa siku 366: siku ya juma, tarehe, mwezi, sura za mwezi wa angani, na kimshale kidogo kinachoonyesha tuko mwaka wa ngapi katika ile duru ya miaka minne. Chapa sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu na si lake. Ilinifikia jioni, imesimama. Nikakaa nayo mpaka saa 4 usiku. Kwenye sanduku kulikuwa na kijiti maalumu cha kubonyezea, sikukiona, nikachukua sindano ya kushonea. Ubavuni kuna vitufe vidogo vilivyozama, kila kimoja na kazi yake. Nikabonyeza cha tarehe. Kikawa kigumu. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaongeza nguvu, nikasikia "tik" ambayo hadi leo nikiikumbuka tumbo linavuta.

Asubuhi tarehe ilikuwa imesimama katikati ya 14 na 15, siku ya juma imeganda. Na ubavuni mchirizi wa sindano, upo mpaka leo. Fundi alipofungua akanionyesha jino lililopinda. Saa ilikaa kwake miezi.

Alichonieleza ni hiki. Kalenda ya saa hizi haibadiliki kwa kufumba na kufumbua usiku wa manane. Kuanzia kama saa 3 usiku (mshale mfupi ukiwa kwenye 9) meno ya kalenda yanaanza kukamatana polepole, yanajiandaa kusukuma. Yanakuja kuachana kabisa kama saa 9 usiku, mshale mfupi ukiwa kwenye 3. Ukibonyeza katikati ya hapo unasukuma gurudumu ambalo tayari limeshikwa na jino jingine. Kitu kimoja lazima kipinde.

Ndani yake kuna sahani moja ambayo ndiyo ubongo wenyewe. Pembezoni ina ngazi 48, moja kwa kila mwezi wa miaka minne, na inazunguka mara moja tu katika miaka hiyo minne. Mwezi wa siku 31 ni ukingo mzima. Wa siku 30 umechongwa kidogo. Februari imechongwa kwa kina, na ile Februari moja ya mwaka mrefu imechongwa pungufu kidogo ya wenzake watatu. Kuna wenzo mrefu wenye ncha inayopapasa ukingo huo, na kadiri ncha inavyozama ndivyo wenzo unavyoruka tarehe nyingi mwisho wa mwezi. Basi. Hakuna betri, hakuna programu, ni chuma kinapapasa chuma. Saa nyingine hutumia sahani ya miezi 12 na kigurudumu kidogo cha pembeni kwa ajili ya Februari, lakini wazo ni lile lile.

Sasa namna ya kuiamsha ikisimama. Kwanza ijaze, usibonyeze kitu saa ikiwa imekufa. Kama ni otomatiki, ipigie ufunguo kwa kile kifundo cha pembeni mara 20 hadi 30, usiitikise kama chupa ya dawa. Pili, fanya mchana. Tatu, anza na tarehe, kisha siku ya juma, kisha mwezi na mwaka, mwisho sura ya mwezi wa angani. Tarehe inatangulia kwa sababu ukiivusha kutoka 31 kwenda 1 inaburuta mwezi, na kwenye baadhi ya saa kitufe cha tarehe kinaburuta na siku ya juma pia. Ukianza na mwezi utaurekebisha mara mbili. Mimi huweka kalenda iwe ya *jana*, halafu nasogeza mishale mbele mpaka ivuke usiku wa manane, kalenda igeuke yenyewe kuwa leo. Hapo najua kwa hakika saa yangu iko asubuhi na si jioni. Mishale hairudishwi nyuma. Na kitabu cha saa yako kikisema tofauti na mimi, kifuate kitabu.

Kwa anayefikiria kununua: jiulize kwanza kama unahitaji ya kudumu. Kalenda kamili ya kawaida utaisogeza mara 5 kwa mwaka, mwisho wa Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Kalenda ya mwaka, ile waliyoitoa Patek Philippe (kampuni ya saa ya Uswisi) 1996, unaisogeza mara 1 tu, Februari inapokwisha. Ya kudumu haiguswi hadi 2100, *mradi isisimame*. Na itasimama, maana una saa nyingine, au utaumwa wiki nzima. Mimi ningerudi nyuma ningechukua ya mwaka. Ningelala usingizi.

Karibuni.

TochiYaSimu | 22 Novemba 2025

Simu yangu inajua tarehe na haijawahi kudungwa sindano. Napita tu.

Majira | 22 Novemba 2025

Mkuu huna kosa. Ukitaka kujua tarehe, simu inatosha. Mimi nimevutwa na ile ncha inayopapasa ukingo.

Fundi_Kibano | 23 Novemba 2025

Mleta mada, uzi mzuri, nakupa heshima. Ila kichwa chake kitaharibu saa za watu, na "fanya mchana" ndiyo hatari zaidi.

Usiku unaohesabika ni usiku wa *saa*, si usiku wa dirishani. Saa haijui jua limechomoza. Saa iliyosimama mishale ikionyesha 10 inaweza kuwa imesimama saa 4 asubuhi yake au saa 4 usiku wake, na uso wa namba 12 hauwezi kukuambia. Ukija wewe saa 6 mchana, jua la utosi, ukabonyeza kwa imani kwamba ni mchana, meno ya ndani yameshikana vilevile kama ulivyofanya wewe na sindano yako. Saa nyingi nilizofungua kwa kosa hili zilibonyezwa mchana kweupe.

Kwa hiyo: jaza saa, vuta kifundo, peleka mishale mbele taratibu mpaka uone tarehe inageuka. Hapo ndipo usiku wake wa manane. Usisimame hapo, endelea mpaka mshale mfupi ufike kwenye 6, yaani saa 12 asubuhi yake. Sasa meno yote yameachana, bonyeza unachotaka. Bonyeza hadi mwisho, achia, kisha bonyeza tena. Kubonyeza nusu ni ugonjwa mwingine, kunaacha gurudumu katikati ya hatua mbili.

Halafu hizo saa 3 hadi saa 9 usiku si amri kwa saa zote. Nyingine huanza mapema, nyingine huchelewa kuachana. Nafasi ya mshale kwenye 6 ni salama kwa karibu kila mashine ya namna hii niliyoiona.

La mwisho: maji. Kila kitufe ubavuni ni tundu. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi uzame nayo hata mita 1. Mvua na kunawa mikono, inatosha.

Majira | 23 Novemba 2025

Nimenyamaza. Kichwa cha uzi naona hakibadilishiki tena, ila wote someni hapo juu kwa Fundi kabla ya kunisoma mimi. Na sasa naelewa kwa nini fundi wangu aliniuliza mara tatu "ilisimama ikionyesha saa ngapi?" nikadhani ananipima ulevi.

Kobe_Taratibu | 23 Novemba 2025

Yangu ni ya ukoo mwingine kabisa. Haina vitufe ubavuni. Kila kitu kimeunganishwa: unavuta kifundo hatua moja, unakizungusha, siku inaenda mbele, na siku ya juma, mwezi, mwaka na mwezi wa angani vinafuata pamoja. Hii ndiyo kazi ya Kurt Klaus wa kampuni ya saa ya IWC, saa yao iitwayo Da Vinci ya 1985. Wakati huo saa za betri zilikuwa zimeiweka tasnia nzima ya Uswisi mashakani, yeye akakaa akachora kalenda yenye vipande 81 inayoendeshwa na msukumo mmoja tu wa tarehe kutoka kwenye mashine. Inaonyesha hadi mwaka kwa tarakimu nne, na ilikuja na kipande cha karne cha akiba kwa ajili ya mwaka 2200. Napenda mtu anayekuuzia saa na kipuri cha vitukuu.

Raha yake: ikilala siku 3, naisogeza siku 3, kila kitu kiko sawa. Karaha yake: hairudi nyuma. Mara moja nilikuwa naongea na simu huku nazungusha, nikapitiliza siku 6. Hakuna dawa. Nilivuta kifundo saa ikasimama, nikaiweka mezani siku 6, nikasubiri dunia iifikie. Kila asubuhi nikipita naiona imekaa pale inanitangulia.

Majira | 23 Novemba 2025

😂 Ungepitiliza miezi 6 je?

Kobe_Taratibu | 23 Novemba 2025

Fundi. Hakuna njia nyingine, mashine inafunguliwa na kupangwa upya. Zipo zinazorudi nyuma: Ulysse Nardin walitoa ya Ludwig Oechslin mwaka 1996, unazungusha kifundo mbele au nyuma upendavyo. H. Moser nao kalenda yao inasogezwa pande zote mbili. Kama hujanunua bado, swali la kwanza dukani lisiwe "moduli hii ina vipande vingapi". Uliza "nikikosea, narudije?"

Bi_Nukta | 24 Novemba 2025

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgeni wa mambo haya. Marehemu baba ameniachia saa ya namna ya Majira, yenye vitufe vinne ubavuni. Kitabu hakipo, kijiti kipo. Imesimama ikionyesha Agosti, tarehe 9, na mishale kwenye 2 na robo. Lakini ile alama ya mwaka wa ngapi haimo kabisa usoni. Kuna siku, tarehe, mwezi na mwezi wa angani tu. Je, ni kalenda ya kudumu kweli au ya mwaka? Na nitajuaje iko mwaka gani?

Fundi_Kibano | 24 Novemba 2025

Dada pole kwa msiba.

Inaweza kuwa ya kudumu kabisa. Kalenda ya kudumu ya mkononi ya kwanza kabisa ni ya Patek Philippe, 1925, na mashine yake ilikuwa imetengenezwa 1898 kwa saa ya kidani ya kike. Watu waliishi na saa hizi miongo bila alama ya mwaka mrefu usoni. Audemars Piguet ndio walioiweka kwenye saa ya mkono, 1955, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kuiacha. Duru ipo ndani, imefichwa tu.

Jinsi ya kujua: fuata hatua za mishale nilizosema juu. Halafu iweke tarehe 28, mwezi Februari, kwa vitufe. Kisha *usitumie kitufe tena*. Peleka mishale mbele ivuke usiku wa manane. Kitufe cha tarehe kinaongeza moja tu, hakijui mwezi una siku ngapi. Anayejua ni ule wenzo, nao unafanya kazi mishale inapovuka usiku. Ikitoka 28 ikaenda 1 Machi, hiyo ni Februari fupi. Ikienda 29, ndiyo mwaka mrefu. Ikienda 29 halafu 30, basi ni ya mwaka, haijui Februari.

Ikienda 1 Machi, isogeze miezi kwa kitufe hadi Februari inayofuata, rudia. Ndani ya Februari nne lazima uipate ndefu. Hiyo ni 2024. Kuanzia hapo unahesabu miezi mbele hadi Novemba 2025.

Bi_Nukta | 24 Novemba 2025

Asante sana. Mishale kuvuka usiku wa manane mara nyingi hivyo haiichoshi?

Fundi_Kibano | 24 Novemba 2025

Kwenda mbele taratibu, hapana. Ila kama haijahudumiwa miaka mingi, mafuta yamekauka. Ningekuwa wewe ningeipeleka isafishwe kwanza. Usiku wa mwisho wa mwezi ndio mzigo mkubwa kuliko wote kwa mashine hizi, inainua wenzo na kusukuma karibu kila kitu kwa wakati mmoja. Saa dhaifu huchagua usiku huo kufa.

MwanaHilali | 25 Novemba 2025

Wakuu, hapo kwenye mwezi wa angani naomba mnyooshe. Sisi neno ni moja, mwezi wa kalenda na mwezi wa juu, lakini naona kwenye saa wanatembea mbalimbali. Unaupangaje? Na je, inaweza kufuata Hijria?

Majira | 25 Novemba 2025

Kupanga ni rahisi kuliko vyote. Tafuta tarehe ya mwezi mpevu wa mwisho. Bonyeza kitufe mpaka duara lote la mwezi likae katikati ya kidirisha, kisha bonyeza mara moja kwa kila siku iliyopita tangu hapo. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 5 Novemba, leo ni 25, basi mara 20. Ukiona kipande kidogo kinachokua na angani kipo hivyohivyo, umepatia.

Wanatembea mbalimbali kwa sababu kuandama hadi kuandama ni siku 29.53, ambayo haiingii kwenye 30 wala 31.

Fundi_Kibano | 25 Novemba 2025

Na haiingii vizuri kwenye meno pia. Sahani ya kawaida ina meno 59 na miezi miwili iliyochorwa, kila mmoja unapata siku 29 na nusu. Zinabaki dakika 44 hivi kila mwandamo ambazo saa haizihesabu. Baada ya miaka 2 na miezi 7 hivi zinafika siku nzima, saa imeutangulia mwezi wa angani, inabidi uipange upya kuirudisha kwenye mstari. Zipo za meno 135 ambazo zinakosea siku moja kwa miaka 122.

Hijria ni mashine nyingine. Hapo hesabu ni duru ya miaka 30, ambamo miaka 11 ina siku 355 na iliyobaki 354. Parmigiani Fleurier walitengeneza ya mkono, ikapata tuzo ya ubunifu Geneva mwaka 2020. Lakini hiyo inafuata hesabu ya jedwali, macho yakiuona mwezi siku nyingine, saa haitajua.

MwanaHilali | 25 Novemba 2025

Nimeelewa. Kumbe hata huko ubishi wa kuandama hauishi.

TochiYaSimu | 25 Novemba 2025

Nilisema napita, nimekaa siku tatu nasoma. Swali moja: kwa nini 2100? Kama inajua miaka mirefu, kuna nini mwaka huo?

Kobe_Taratibu | 25 Novemba 2025

Karibu kiti 😄

Dunia haizunguki jua kwa siku 365 na robo kamili, ni pungufu kidogo. Kalenda ya zamani ya Kirumi iliongeza siku kila mwaka wa nne bila kuacha, ikajikuta imepitiliza. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII akaifyeka: tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15. Na ikawekwa sheria mpya, mwaka wa mia si mrefu isipokuwa ukigawanyika kwa 400. 1900 haukuwa mrefu. 2000 ulikuwa. 2100 hautakuwa.

Ile sahani ya ngazi 48 inajua miaka minne tu. Haijasikia habari za Papa. Mwaka 2100 itaonyesha 29 Februari wakati dunia iko 1 Machi. Tuliozaliwa zama hizi tulibahatika, 2000 ilipita bila kuguswa.

Na ukifikiri huu ni ujuzi wa juzi, Thomas Mudge wa Uingereza alitengeneza saa ya mfukoni yenye kalenda ya kudumu mnamo 1762.

TochiYaSimu | 25 Novemba 2025

Kwa hiyo hiyo "kudumu" ni jina tu.

Kobe_Taratibu | 25 Novemba 2025

Kwa nyingi, ndiyo. IWC walitoa 2024 yenye gurudumu la ziada linalozunguka mara moja kwa miaka 400, hiyo inaruka miaka ya mia yenyewe. Mimi siwezi kuimudu wala siihitaji. 2100 ikifika nikiwa hai, nitaamka kubonyeza kwa furaha.

Majira | 26 Novemba 2025

Kuna mmoja kaniuliza faragha kuhusu kile kisanduku cha umeme cha kuzungushia saa isisimame. Najibu hapa. Kama unayo otomatiki moja yenye kalenda ya kudumu na huivai kila siku, kinasaidia. Mashine nyingi zinaridhika na mizunguko 650 hadi 900 kwa siku, ila angalia inajaa upande gani, maana nyingine hujaa ikizunguka kulia tu au kushoto tu. Saa ya kujazwa kwa mkono usiiweke humo, utakuwa unaibembeleza mtoto aliyelala. Fundi najua hukipendi.

Fundi_Kibano | 26 Novemba 2025

Sikichukii. Nachukia mtu anayezungusha saa miaka 10 mfululizo, mafuta yamekuwa gundi, halafu anashangaa mihimili imelika. Saa iliyosimama haichakai.

Bi_Nukta | 1 Desemba 2025

Wakuu nimerudi. Saa ilisafishwa, fundi wa hapa aliisifia, kisha nikaipanga mwenyewe. Mishale hadi kwenye 6, tarehe, siku, mwezi, mwezi wa angani. Mikono ilitetemeka. Jana ilikuwa 30 Novemba, nikakaa macho. Kuanzia kama saa 4 usiku niliona namba inaanza kuinamia upande, kidogo kidogo. Saa 6 na dakika chache ikaruka 31, ikaangukia 1! Na mwezi ukawa Desemba. Nimelia, siwafichi. Baba alikuwa akituita kuangalia hili tukiwa wadogo nami nikawa naona usumbufu.

Majira | 1 Desemba 2025

Hongera sana dada! Hiyo sauti ndogo uliisikia?

Bi_Nukta | 1 Desemba 2025

Niliiweka sikioni kabisa.

Fundi_Kibano | 1 Desemba 2025

Hongera. Ile ya kupitisha Februari usiku wa manane uliifanya?

Bi_Nukta | 1 Desemba 2025

Hapana, niliogopa kuizungusha sana. Kaka yangu alisema baba aliivaa hadi siku alipolazwa, Agosti 2023, na ilikuwa haijawahi kukosea. Kwa hiyo nilisogeza miezi 27 kutoka pale ilipokuwa. Na Novemba imekubali, si ndiyo ushahidi?

Fundi_Kibano | 1 Desemba 2025

Novemba ina siku 30 kila mwaka, dada. Haijui miaka. Ushahidi ni Februari peke yake. Lakini kama kaka yako hajakosea tarehe, hesabu yako ni sahihi. Tusubiri.

Kobe_Taratibu | 3 Januari 2026

Heri ya mwaka mpya wadau. Usiku wa 31 Desemba ndio ninaoupenda kwenye yangu. Siku, tarehe, mwezi na tarakimu za mwaka, vyote kwa mpigo. Watu walikuwa wanaangalia fataki, mimi naangalia mkono.

TochiYaSimu | 14 Februari 2026

Nimenunua. Ya mwaka, si ya kudumu, imetumika, nimefuata ushauri wa Majira. Mke wangu anasema nilikuja kuwakejeli nikaondoka nimevaa.

Majira | 14 Februari 2026

Jitayarishe basi, kazi yako ya mwaka mzima iko wiki mbili mbele. Asubuhi ya 1 Machi itakuambia ni 29. Peleka mshale kwenye 6 ya asubuhi, bonyeza mpaka 1.

Bi_Nukta | 1 Machi 2026

Wakuu. Nimeamka. Saa ya baba inasema leo ni Jumapili, tarehe 29 Februari.

TochiYaSimu | 1 Machi 2026

Yangu pia, ila yangu ina ruhusa.

Fundi_Kibano | 1 Machi 2026

Dada usihuzunike, hajaharibika mtu. Jumapili ni sahihi, mashine ni nzima. Sasa unajua kitu ambacho hukukijua: saa inadhani iko kwenye mwaka mrefu. Sisi tuko mwaka wa pili baada ya mrefu. Imebaki nyuma miaka miwili kwenye duru, au imetangulia miwili, ni sawa tu. Kwa hiyo ilisimama Agosti ya 2021, au kuna mtu aliigusa baada ya hapo.

Fanya hivi: mishale iko asubuhi, acha ifike kwenye 6 au ipite. Bonyeza tarehe: 30, 31, 1. Mwezi utageuka Machi wenyewe. Angalia kama siku ya juma imesogea, ikisogea irudishe kwa kitufe chake hadi Jumapili. Kisha kitufe cha mwezi, mara 24. Mwezi wa angani usiuguse.

Bi_Nukta | 1 Machi 2026

Nimempigia kaka. Kanyamaza kidogo, halafu kasema ni kweli, baada ya baba kupooza hakuivaa tena, ilikuwa mezani tu pembeni ya kitanda. Yeye alikuwa anaiona pale kila siku, akadhani inatembea.

Majira | 1 Machi 2026

Pole dada. Chukua muda wako. Saa inaweza kubaki na 29 hata wiki nzima.

Bi_Nukta | 1 Machi 2026

Nimemaliza sasa hivi. Siku ya juma ilisogea hadi Jumatano, nimebonyeza 4 ikarudi Jumapili. Kwenye 24 za mwezi nilipotea hesabu mara moja nikaogopa, halafu nikagundua si lazima kuhesabu namba. Unaanzia Machi (hiyo huihesabu), unasoma majina ya miezi kwa sauti, ukiikuta Machi mara ya pili unaacha.